Mwanangu, Ile Taa Nyekundu Si ya Kazi

Tuwan, Kitale
Jioni, kabla ya safari yako

Mwanangu,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Wimbo wa akina mama wa Kabuchai, ule uliokufanya uitwe Bungoma kurekodi kwaya, haukupita ndani ya Chuma, hiyo mashine yako ya kurekebisha sauti. Umeme ulikuwepo, taa zilikuwa zinawaka, na wewe ulikuwa umekaa mbele yake ukisukuma vijiti juu na chini kama mtu anayechagua mawe kwenye maharagwe. Lakini sauti ilikuwa inapita kando bila kuguswa na kijiti hata kimoja. Ni mimi niliyefanya hivyo, kwa kidole kimoja, na imekuwa hivyo kwa kila wimbo uliorekodiwa katika chumba kile tangu hapo.

Sasa kaa chini. Usije kunitafuta jikoni. Soma kwanza.

Najua hupendi kuitwa mwanangu na msichana aliyemaliza kidato cha nne juzi. Lakini ni wewe uliyeanza. Ulinipa jina la mama yako, Nasimiyu, na tangu nizaliwe hujawahi kulitamka kwa sababu mtu hamwiti mama yake kwa jina. Unaniita Mayi, yaani mama. Hujawahi kunipiga kwa sababu hiyo hiyo. Na leo mchana, mbele ya majirani waliokuja kukuaga, ulinishika mkono ukasema, "Mayi, mtoto wako anasafiri kesho. Si umwambie kitu?"

Watu wakacheka. Mimi nikatazama sakafu. Mama akasema, "Mwacheni mama mkwe wangu, bana. Maneno yake anaweka kwa friji." Wakacheka tena, na wewe ukacheka kuwashinda wote.

Basi nimeyatoa kwa friji.

Sitakuambia mambo ya sweta na dawa za presha. Hayo Mama ameshayasema na utayasahau ukifika. Nitakuambia kuhusu ikwalaiza, hiyo Chuma na wenzake, kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho mimi na wewe tunakijua kwa pamoja, na kwa sababu jana ulisema maneno ambayo sijaweza kuyameza. Ulimwambia Mama, "Nikienda na Chuma, hakuna studio tena. Hicho chumba weka viazi." Ulisema hivyo nikiwa nimesimama pale pale na sufuria mkononi. Hukunitazama. Ufunguo wa chumba ukautia mfukoni mwa koti lako la safari.

Viazi, Baba.

Wacha nianze na siku uliyoileta Chuma kutoka Moi's Bridge. Yule mtu aliyekuwa akikodisha spika za harusi alikuwa anaacha kazi, na wewe ukarudi nyumbani umelibeba hilo sanduku kifuani kama mtoto mgonjwa. Lilikuwa zito, jeusi, na vijiti vimepangwa mbele kutoka mwisho hadi mwisho. Maandishi yalikuwa yamefutika kwa kuguswa na watu wengi. Ulilifunika kwa kitambaa cha meza. Ulituambia tusilikaribie na maji. Kisha ukanionyesha, na hili sitalikana, ukanionyesha vizuri: vijiti vya kushoto ni vya sauti nzito, ile inayosikika tumboni, vya katikati ni vya mtu mwenyewe, pale jina lake lilipo, vya kulia ni vya ule mng'ao wa juu, herufi s na upatu wa ngoma. Kupandisha ni kuongeza, kushusha ni kupunguza. Nilikuwa darasa la saba. Nilidhani hakuna mtu Kitale nzima anayejua zaidi yako.

Baadaye nikapata ile kompyuta kuukuu ya mjomba, na ndani yake nikakuta ikwalaiza nyingine. Hii haina uzito. Ni mstari kwenye skrini unaouvuta juu au chini kwa kidole, na unaweza kubana sehemu nyembamba sana ya sauti ambayo kijiti cha Chuma hakiwezi kuifikia bila kugusa na jirani zake. Nilikuita uone. Ulikuja, ukatazama ule mstari, ukasema, "Hii ni mchezo ya watoto, Mayi. Sauti haionekani kwa macho."

Ulikuwa na haki kwa nusu. Hiyo nusu nitakupa huko mbele. Kwanza nataka uisikie nusu nyingine.

Unawakumbuka akina mama wa Kabuchai walipokuja mara ya kwanza? Walikuwa wameacha palizi wakaja na sare zao ndani ya mifuko, ingawa kwenye rekodi hakuna anayeona sare. Mama Nekesa, kiongozi wao, ndiye aliyekuwa akitangulia kuimba. Wewe ulipitisha maiki ndani ya Chuma, kisha kutoka Chuma ndiyo sauti ikaingia kwenye kompyuta. Ukapandisha vijiti vya kushoto, ukapandisha vya kulia, ukateremsha vya katikati, ule mpango wako unaofanana na mdomo wa mtu anayecheka. Ukasema hivyo ndivyo muziki unavyokaa. Kwenye spika za harusi, uwanjani, pengine ni kweli. Katika chumba chenye mablanketi ukutani, kila s ya Mama Nekesa ilitoboa sikio kama sindano, na sauti yake yenyewe ilikuwa mbali, kama anaimbia ndani ya pipa la mahindi.

Nilijaribu kurekebisha. Nilikaa na ile rekodi mpaka masikio yakauma. Haikuwezekana, na hiki ndicho kitu ambacho hukutaka kukisikia siku ile wala siku nyingine: ukirekodi kupitia Chuma, Chuma inabaki ndani. Ni chumvi ya kwenye sufuria. Ulichokipunguza unaweza kujaribu kukiongeza tena, lakini unachoongeza ni kelele ya mashine na mkwaruzo wa vijiti vya zamani. Ile ya kompyuta ni chumvi ya mezani. Sauti ya mtu inalala kama alivyoiimba, na unachofanya juu yake unaweza kukiondoa kesho, au mwaka ujao, au mtu mwingine akakiondoa.

Walirudi kusikiliza. Mama Nekesa alivua hedifoni akauliza kwa upole, "Sasa hii ni mimi kweri?"

Nawe ukanyoosha kidole. Si kwa Chuma. Kwangu. "Ni huyu mtoto amechezea kompyuta. Pole sana, mama. Vijana wa siku hizi, ukiwaacha na mashine kidogo tu, ati wanajua."

Nilikuwa nimeshika trei ya vikombe. Nilitaka kusema. Wale wamama wakanitazama kwa huruma, na mmoja akanipokonya trei akisema, "Si kitu, atajifunza." Nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji. Huko ndiko nilikoamua.

Waliahidiwa kurekodi upya. Asubuhi ya siku hiyo nikiwa napangusa vumbi, nilikibonyeza kile kitufe kidogo pembeni, ambacho maandishi yake yalikuwa yamefutika lakini mimi nilikuwa nimeshakijaribu peke yangu nikajua kazi yake. Kazi yake ni kuipitisha sauti kando, iingie na kutoka kama ilivyokuja. Kikibonyezwa, taa nyekundu inawaka. Nilijua utaiona.

Uliiona. Ulisimama mbele yake, mikono kiunoni. Nikangoja.

Ukasema, "Mayi, njoo uone. Imeamka. Kumbe siku hizi zote ilikuwa imelala nusu."

Sikucheka. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Wale wamama wakavaa hedifoni, wewe ukaanza kusukuma vijiti vyako, na ukauliza, "Sasa je?" Hakuna kilichobadilika, Baba. Hakuna hata kidogo. Mama Nekesa akafumba macho akasema, "Hapo sasa. Hapo imekuwa raini kabisa." Ukasukuma kingine. "Na hapo?" "Hapo hata zaidi."

Baada ya wao kuondoka, nikakaa na kompyuta. Nilipunguza kidogo ile ngurumo ya chini iliyokuwa ikitoka kwenye sakafu walipokuwa wakikanyaga kwa miguu. Nilipunguza kidogo sana mahali ambapo sauti mbili za kati zilikuwa zikigombana. Sikuongeza karibu kitu. Siku iliyofuata ulisikiliza, ukapiga goti lako kwa kiganja, ukaniambia, "Umesikia? Hiyo ndiyo Chuma."

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Tangu hapo nimesema ndiyo Baba mpaka ulimi umekuwa mgumu. Na yule mwalimu wa kwaya kutoka Bungoma alipokuja hapa na wimbo wa Kabuchai kwenye simu yake, akauliza, "Nani alifanya hii?", wewe ukaipigapiga Chuma begani kama ng'ombe wa maonyesho. "Ni hii na mimi." Akaniangalia. "Na huyu?" Ukasema, "Huyu ni wa kufungua mlango na kuleta chai." Kisha ukaniambia nilete chai. Nikaileta. Nilikuwekea sukari unayokatazwa na daktari, nyingi, na hilo nalo nimelisema sasa.

Sikupendi wiki hii. Nataka ujue hivyo kabla hujafika kwenye maneno mengine, usije ukayachukua kama ya kukubembeleza.

Nilisema nusu ya haki ni yako. Nitaisema kwa sababu nisipoisema nitakuwa kama wewe.

Mkumbuke yule mzee mwingine wa Moi's Bridge, mkulima, aliyekuja na mke wake kuimba utenzi mmoja tu kwa ajili ya wajukuu. Ulikuwa umesafiri kwenda matanga kwenu, nikamrekodi mimi. Alikuwa na sauti ya puani, nzito, yenye vumbi la mahindi ndani yake. Niliiweka kwenye skrini nikaona vilima vimesimama mahali ambapo mafunzo ya mtandaoni yanasema visisimame. Nikavikata. Kimoja, kingine, kingine. Mstari ukawa mzuri, umetulia, ungeuweka ukutani. Nilijivunia. Niliwaita waje kusikiliza, na nilikuwa nimejiandaa kusifiwa, hata nilikuwa nimechana nywele.

Mke wake alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huyu ni nani?"

Mzee akasema, "Si ni mimi?"

"Si wewe. Huyu ni mtu wa redio."

Nilikuwa nimemtoa mtu ndani ya sauti yake mwenyewe kwa sababu macho yangu yaliniambia hakai vizuri. Sikujua la kufanya. Nilikuwa nimekata hapa na pale bila mpango na sikujua tena nianzie wapi. Wewe ukaingia, viatu bado vina matope ya kwenu, hujasalimia hata. Ukasema, "Ondoa yote." Nikaondoa yote, kwa sababu kwenye kompyuta yote huondoka. Ukanifunika macho kwa mkono wako, ulionuka moshi wa matanga, ukasema, "Sasa sikiza. Wapi inakuuma?" Nikasikiliza. Haikuniuma popote isipokuwa mahali pamoja, chini kabisa, pale mzee alipokuwa akigonga meza kwa goti. "Basi kata hapo tu. Hizo zingine ni za mzee."

Mke wa mzee aliposikiliza tena, alilia. Wewe uliwasindikiza mpaka barabarani, na hukumwambia mtu yeyote kwamba niliharibu. Nimejaribu kukumbuka siku nyingine uliyonifanyia hivyo nimeikosa, lakini hiyo moja ipo na siifuti.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyojua. Chuma ilikufundisha kusikiliza kwa sababu haina skrini. Mkono unasukuma, sikio linaamua, hakuna picha ya kukudanganya. Siku moja mkiwa kanisani nilikizima kile kitufe, nikaiacha ifanye kazi kweli, nikaimba peke yangu kupitia ndani yake, vijiti vyote vikiwa katikati isipokuwa kimoja cha kushoto nilichokiinua kidogo sana. Sauti yangu ni nyembamba, unaijua. Ilitoka ikiwa na mwili. Sijui kama ni umri wa vile vifaa vya ndani au ni hamu yangu tu, maana nimeona kwa Mama Nekesa jinsi hamu inavyosikia. Lakini niliipenda. Si mashine mbaya. Ni mashine iliyopata mtu anayependa kuonekana akiisukuma.

Na kompyuta ilinifundisha kwamba kosa linaweza kuondolewa kama hukuliunguza ndani ya kitu chenyewe. Hilo hukulijua, na mtu asiyelijua hutafuta mtoto wa kunyooshea kidole.

Kesho utafika Bungoma. Watakupa chumba chao, maiki yao, kijana wao wa kompyuta. Utaiweka Chuma juu ya meza mbele ya kwaya nzima na utawasha. Ningeweza kunyamaza. Nimenyamaza maisha yangu yote, siku moja zaidi isingenishinda. Ungesukuma vijiti, wangesema imekuwa laini, na kijana wao angerekodi sauti tupu akashangaa hiyo mashine imebebewa nini. Au mtu angekigusa kile kitufe akipangusa vumbi kama mimi, taa nyekundu ikazimika, na ule mdomo wako unaocheka ukaingia moja kwa moja kwenye rekodi yao. Kila s ingekuwa sindano. Na huko hakuna mtoto wa kunyooshea kidole. Niliifikiria hiyo picha wiki nzima, Baba. Ilinipa raha. Nikiosha vyombo, naifikiria. Nikikunja nguo zako za safari, naifikiria.

Lakini umeniomba neno mbele ya watu, na mama hamwachi mtoto aingie kwenye aibu akiwa na njia ya kumzuia, hata kama mtoto mwenyewe ana kichwa kigumu. Sijui mama yako angesema nini. Sikumkuta. Nina jina lake tu.

Basi sikia. Ile taa nyekundu si ya kazi. Ikiwaka, Chuma imelala. Kabla hujawasha chochote huko, rudisha vijiti vyote katikati. Waambie waimbe bila wewe kugusa kitu. Rekodi hivyo hivyo, sauti kama ilivyotoka kinywani, kisha rekodi ikishalala salama ndipo uipitishe ndani ya Chuma kama unataka, pembeni, uilinganishe na ya mwanzo. Punguza kabla ya kuongeza. Na fumba macho, kwa sababu sikio lako ni zuri kuliko mdomo wako, na kuliko langu pia.

Yule kijana wao wa kompyuta, usimtume chai.

Sasa langu. Sitaki chumba kiwekwe viazi. Wimbo uliokutoa hapa ulitengenezwa humo, kwenye kompyuta ambayo wewe unaiacha kwa sababu ni mchezo wa watoto. Kuna wasichana wa shule yetu ya zamani wanataka kurekodi. Walinifuata mimi, kwa mlango wa nyuma, hawakukufuata wewe. Mablanketi yako ukutani bado. Maiki ni yako, na kama unaitaka ichukue, nitaimba kwenye simu mpaka nipate nyingine. Lakini ufunguo uache.

Ninaiweka barua hii ndani ya kiatu chako cha kushoto kwa sababu ndicho unachoanza kuvaa. Hivi sasa uko kwa jirani unawaeleza jinsi Chuma ilivyo. Nakusikia mpaka huku. Ukishasoma, usiniite sebuleni, na usianze hotuba. Mimi siwezi kukujibu nikitazamwa, na wewe utadhani kunyamaza kwangu ni kukubali. Ning'inizia ufunguo kwenye msumari wa mlango wa jikoni, uende. Nikiukuta, nitajua tumeelewana. Nisipoukuta, nitavunja kufuli, na Mama ataniunga mkono kwa sababu viazi hana.

Mama Nekesa aendelee kuamini alichosikia. Alikifurahia, na wimbo ni mzuri kweli. Wa Bungoma nao sioni haja ya kuwaambia. Hata Mama usimwambie, kwa sababu atacheka mpaka soko zima lijue, na mimi sitaki uchekwe na soko. Nataka nikukasirikie mwenyewe. Jambo hili liishie kwetu wawili. Mimi sijui kusema mbele za watu na wewe hujui kunyamaza. Hili moja tu, Baba, jaribu kunyamaza.

Nasimiyu